Kambi Iliyogeuka Chuo, na Vyumba vya Biryogo



Kila mwaka masomo ya vyuo yanapofunguliwa, mabasi yatokayo Rusizi, Nyagatare, Huye na Rubavu huteremsha katika kituo cha Nyabugogo vijana wenye magodoro yaliyokunjwa na mabegi yaliyofungwa kwa kamba. Wengine wana barua ya chuo mkononi na namba ya simu ya binamu ambaye hapokei. Jua linapotua, swali la kijana huyo si hesabu wala fizikia. Swali lake ni: nitalala wapi?

Wako wanaoona kwamba jambo hili ni la wanafunzi na wazazi wao tu, na kwamba askari ana mambo makubwa zaidi ya kusikiliza baada ya taarifa ya habari. Mazungumzo yetu ya leo yanapingana na mawazo hayo. Askari ambaye hakupata nyumba kambini hupanga chumba katika mitaa hiyo hiyo. Mtoto wa askari hupanga humo. Na usiku wa manane ugomvi wa kodi unapozuka, au muziki unapovuka mpaka, anayeitwa ni askari. Mtu mmoja anaweza kujikuta katika hali zote tatu ndani ya mwezi mmoja, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Tuanze na mahali penyewe. Juu ya mgongo wa kilima cha Nyarugenge, katikati ya Jiji la Kigali, iko sehemu ya Chuo Kikuu cha Rwanda inayofundisha sayansi na teknolojia. Wasikilizaji wetu wenye umri mkubwa wanapajua kwa jina jingine. Hapo ndipo ilipokuwa Shule Kuu ya Kijeshi, iliyojulikana kwa herufi za Kifaransa ESM, shule iliyotoa maofisa wa jeshi la zamani. Mwaka 1997 serikali ilifungua katika majengo hayo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, KIST, na mkuu wake wa kwanza alikuwa mhandisi kutoka Tanzania, Profesa Silas Lwakabamba. Mahali palipofundishwa shabaha pakaanza kufundishwa umeme, ujenzi na mitambo. Mwaka 2013 taasisi hiyo iliunganishwa na vyuo vingine vya umma, vikawa Chuo Kikuu kimoja cha Rwanda.

Jirani na hapo, katika eneo la iliyokuwa Kambi Kigali, zimesimama nguzo kumi za mawe. Kila nguzo ni ya askari mmoja wa Ubelgiji aliyekuwa katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa na kuuawa mahali hapo tarehe 7 Aprili 1994, Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yalipokuwa yanaanza. Walikuwa wametumwa kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, ambaye naye aliuawa siku hiyo. Mwanafunzi apitaye na vitabu vyake hupita karibu na ukuta wenye alama za risasi. Haifai kulisahau hilo tunapozungumza juu ya mtaa wenye furaha na kelele.

Kambi kugeuzwa chuo si jambo lililotokea Rwanda peke yake. Chuo Kikuu cha Kenyatta, nje ya Nairobi, kilizaliwa katika kambi ya Waingereza iliyoitwa Templer, ambayo ilikabidhiwa kwa serikali ya Kenya mwaka 1965 na kufanywa chuo. Mpaka leo jirani zake ni askari wa kambi ya Kahawa kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine mtaa wa Kahawa Wendani, uliojaa vyumba vya kupanga, vibanda vya chapati na wanafunzi.

Lakini kambi na chuo havifanani katika jambo moja, nalo ndilo shina la mazungumzo haya. Kambi hujengwa kwa hesabu ya watu wake. Kikosi kinajulikana kina watu wangapi, vitanda vinahesabiwa, na anayeongezeka huongezewa hema. Chuo hakiendi hivyo. Chuo hupokea vijana kwa kadiri ya nafasi za darasani, na madarasa huongezeka upesi kuliko mabweni. Anayekosa kitanda cha bweni humwagikia mtaani. Hakuna sajenti wa ghala atakayempa kitanda. Yuko mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana bei yake.

Tena jiji lenyewe limejaa. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962 na Kigali kufanywa mji mkuu, ulikuwa mji mdogo wa watu wapatao 6,000 hivi. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta watu 1,132,686. Hesabu ya mwaka 2022 ikakuta watu 1,745,555. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi tu jiji liliongeza watu zaidi ya 600,000, na kila mmoja wao alihitaji paa. Mwanafunzi anapogonga mlango kutafuta chumba, nyuma yake wamesimama fundi seremala, mhudumu wa hoteli, mwendesha pikipiki na askari mwenye mke na mtoto mmoja. Wote wanakitaka chumba kile kile.

Basi wanafunzi wa Nyarugenge huteremka kilima. Kwa mwendo wa miguu usiochosha mtu hufika Biryogo, na akiendelea mbele huingia Nyamirambo. Mitaa hii ina historia yake, na historia hiyo inaihusu lugha tunayozungumza sasa hivi. Baada ya Mjerumani Richard Kandt kuweka makao yake Kigali mwaka 1907, walifika askari, makarani na wachuuzi waliosema Kiswahili, wengi wao Waislamu. Msikiti wao wa kwanza katika mji huo, ujulikanao leo kama Al-Fatah, ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji walipochukua utawala waliwakusanya katika mtaa wao wa peke yao, ukaitwa Kambi ya Waswahili. Kwa miaka mingi Kiswahili kilihesabiwa Rwanda kuwa lugha ya askari, ya dereva na ya mchuuzi, na asiyekuwa mmoja wao alikisema kwa kuona haya. Mwaka 2017 sheria ilikifanya kuwa lugha rasmi ya nchi. Wazee wa Biryogo hawakushangaa sana. Walikuwa wamekwisha kukitumia kukodisha vyumba kwa zaidi ya miaka mia.

Mtaa huo umechangamka, na hapana budi tuseme wazi kwamba uchangamfu huo ni mali. Kijana aliyetoka mlimani, ambako taa huzimwa saa mbili, hukuta hapa chai ya mnanaa, sambusa, mishikaki, kinyozi anayefanya kazi usiku, fundi wa simu, mshona nguo, na mtu wa kumkopesha sukari. Mwaka 2021, biashara za vyakula zilipokuwa zimelemazwa na ugonjwa wa korona, jiji lilifunga magari katika baadhi ya barabara za Biryogo, lami ikapakwa rangi na meza zikatolewa nje. Nyamirambo kuna uwanja wa mpira ambao tangu Machi 2023 unaitwa Pelé. Siku APR inapocheza na Rayon Sports, mpangaji askari na mwenye nyumba mwenye skafu ya buluu hawaongei mpaka kesho yake. Hayo ni maisha. Hakuna sheria inayokataza watu kucheka.

Sasa tuangalie chumba chenyewe. Aghalabu si ghorofa. Ni chumba kimoja katika mstari wa vyumba vinne au sita ndani ya ua mmoja wenye lango moja, au ni nyumba ndogo ya uani nyuma ya nyumba kubwa, ambayo wenyeji huiita aneksi. Vijana wenyewe hukiita chumba cha namna hiyo geto, kwa majivuno kidogo. Choo ni cha shirika. Bomba liko uani, na siku maji yanapokatika madumu hupangwa foleni tangu alfajiri. Umeme ni wa kulipia kabla, uitwao kashipawa, na mara nyingi mita ni moja kwa vyumba vyote.

Mita hiyo imevunja urafiki mwingi. Wa kwanza ana balbu moja na simu. Wa pili ana pasi. Wa tatu amenunua jiko la umeme na hulitumia usiku wengine wakiwa wamelala. Mwisho wa wiki umeme unakwisha, na kila mmoja husema zamu ya kununua ni ya jirani. Anayeona jambo hili ni dogo hajawahi kuwa na mtihani kesho asubuhi katika chumba chenye giza. Kabla ya kutoa hata faranga moja, mpangaji yafaa aulize: mita ni ya nani, vyumba vingapi vinaitumia, na mgawanyo wake ni upi? Jibu liandikwe. Mimi nilipokuwa kijana niliwahi kukaa katika ua wa vyumba vitano ambako mwenye nyumba alitwambia tutaelewana wenyewe kwa wenyewe. Hatukuelewana hata mwezi mmoja.

Yuko pia dalali, ambaye Kigali humwita komisiyoneri. Tusimlaumu kwa kuwapo, maana anajua malango ambayo mgeni hayajui. Lakini wako miongoni mwao wanaotaka fedha ya kumwonyesha mtu nyumba tu, hata kama nyumba hiyo imekwisha kuchukuliwa. Na wako wanaomwonyesha mwanafunzi chumba ambacho mwenyewe hajawaruhusu kukipangisha. Kijana analipa, anapewa ufunguo, na baada ya siku mbili anakutana na mpangaji halali anayerudi kutoka safari na ufunguo wa pili. Fedha ya kodi isitolewe kwa mtu mwingine ila mwenye nyumba au mtu aliyemtuma, mbele ya jirani, na ikiwezekana kwa njia ya benki au simu ambayo huacha kumbukumbu. Tena itajwe kwa faranga za Rwanda. Benki Kuu ya nchi hiyo imekumbusha zaidi ya mara moja kwamba kuweka bei za ndani kwa fedha za kigeni hakuruhusiwi, na mwenye nyumba anayetaka dola kutoka kwa mwanafunzi wa Burundi au Kongo hana haki hiyo.

Tupige hesabu. Tuseme chumba ni faranga 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi mitatu mbele, na juu yake fedha ya dhamana ya mwezi mmoja. Hizo ni 200,000 kabla ya godoro, sufuria na dumu la maji. Mwanafunzi anayetegemea posho inayopitia Benki ya Maendeleo ya Rwanda, BRD, huipata kidogo kidogo, tena pengine ikiwa imechelewa, huku kodi haichelewi. Kwa hiyo wanafunzi wawili au watatu huchanga chumba kimoja. Jina moja tu ndilo limo katika makubaliano, na yule mwenye jina akihama, wenzake wanakuwa wageni katika chumba walichokilipia. Majina yote yaandikwe. Ni kazi ya dakika tano.

Hapa ndipo tunapomgeukia askari.

Tumchukue koplo mmoja, ambaye si mtu fulani bali anafanana na wengi. Amepanga vyumba viwili katika ua ule ule wa wanafunzi. Mwezi umekwisha, mshahara una matundu, na mama mwenye nyumba anakuja mlangoni.

"Afande, habari za kazi? Nimekuja kukukumbusha lile jambo letu."

"Mama, unaniona hata viatu sijavua. Natoka zamu."

"Pole na zamu, mwanangu. Basi nije lini?"

"Nitakuita mwenyewe."

Mama yule anaondoka. Hakutukanwa wala hakutishwa. Lakini anajua, na koplo anajua, na wanafunzi waliokuwa wanasikiliza kwenye baraza wanajua, kwamba mwanafunzi asingeweza kujibu hivyo. Sare ndiyo iliyojibu. Wiki mbili baadaye mama yule atafidia pengo kwa kuwaongezea wanafunzi kodi, maana hao hawana bendera begani. Hivyo deni la askari hulipwa na mtoto wa mkulima wa Ngororero. Hatudhani koplo alikusudia hivyo, ila ndivyo ilivyokuwa.

Askari wa Rwanda wana chombo chao cha akiba na mikopo, Zigama, kilichoanzishwa mwaka 1997, na jina lake kwa Kinyarwanda maana yake ni "weka akiba". Nchi nyingine za Afrika Mashariki zina vyama vya ushirika vya askari. Vyombo hivyo viliwekwa ili askari aliyekwama asimfanye mwenye nyumba kuwa benki yake. Na kama mwezi umeharibika kweli, yapo maneno ya kumwambia mama yule: nitalipa nusu tarehe fulani, na nusu tarehe fulani. Tarehe ni heshima kubwa kuliko saluti.

Liko na jambo la pili, ambalo ni baya zaidi. Mwenye nyumba ana ugomvi na wapangaji. Pengine amepata mtu atakayelipa zaidi, na wanafunzi bado wana mwezi mmoja waliokwisha kuulipia. Anamwita askari anayefahamiana naye, si kwa njia ya kituo, bali kwa simu ya mkononi. Aje tu asimame langoni. Asiseme neno. Yamewahi kusikika katika miji yetu mambo ya wenye nyumba kung'oa mlango au kutoa mabati ili mpangaji aondoke mwenyewe, na penye mlango uliong'olewa, askari anayesimama pembeni ameshiriki hata kama mikono yake iko mfukoni. Ugomvi wa kodi ni wa madai. Una njia yake. Nchini Rwanda jambo huanzia kwa mkuu wa kijiji, ambacho hata mjini huitwa umudugudu, na kwa miaka mingi tangu 2004 yalikuwapo mabaraza ya wapatanishi, abunzi, watu wanaochaguliwa kwa uadilifu wao ili kusuluhisha mambo kabla hayajafika mahakamani. Askari aliyeitwa kihalali kwa namba 112 kwa sababu watu wanapigana, atazuia mapigano. Hana kazi ya kuamua nani analala ndani.

Itaulizwa: na kelele je? Ni swali la haki. Katika mtaa wa wanafunzi muziki huanza Ijumaa jioni, na wazee wanaoamka kwa sala ya alfajiri wanahitaji usingizi. Tarehe 1 Agosti 2023 Baraza la Mawaziri la Rwanda liliamua kwamba kuanzia Septemba mosi mwaka huo, baa na shughuli nyingine zisizo za lazima zifungwe saa saba za usiku siku za wiki, na saa nane za usiku Ijumaa na Jumamosi. Wako waliolalamika kwamba jiji litakufa. Halikufa. Wanafunzi walianza kula mapema, basi.

Hata hivyo utekelezaji unataka akili. Yuko askari anayeingia uani, anakuta vijana wanane wanasoma pamoja kwa sauti kwa ajili ya mtihani, na kwa kuwa ni vijana wanane usiku, anaona kundi la wahuni. Na yuko mwingine anayepita mbele ya baa yenye spika barabarani, na kwa kuwa mwenye baa ni mtu wa kujulikana, masikio yake yanaziba. Mtaa unawaona wote wawili. Kijana aliyefokewa kwa kusoma hatampigia simu askari siku atakapomwona mwizi anaruka ukuta. Katika mitaa iliyobanana hivi, habari za kweli hutoka kwa watu wanaokaa barazani mpaka usiku, na hao ni wanafunzi.

Jambo la kuandikishwa nalo linahitaji kusemwa. Mpangaji mpya wa Kigali hutakiwa ajulikane kwa mkuu wa umudugudu na jina lake liwe katika daftari. Nyumba zilizo karibu karibu hukusanywa chini ya kiongozi mmoja, na fungu hilo huitwa isibo. Wakazi huchangia fedha za ulinzi wa usiku, uitwao irondo. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili mpaka saa tano asubuhi, wote hutoka kwa kazi ya umoja, umuganda, wenye nyumba na wapangaji pia. Wanafunzi wengine hudhani haya ni ya wenye mashamba na nyumba, nao ni wapita njia. Wanakosea, na hasara ni yao. Aliyeandikwa daftarini anaweza kuthibitisha kwamba alikuwa mpangaji halali tangu tarehe fulani. Asiyeandikwa, siku mwenye nyumba akimkana, ana neno lake tu. Daftari lile ambalo kijana huliona kuwa jicho la serikali ndilo shahidi wake wa kwanza.

Lakini shahidi huyo asigeuzwe kuwa mtego. Jina la binti mwanafunzi na namba ya chumba chake si vitu vya kusomwa na kila askari anayepita akiulizia nani anakaa peke yake. Tunasema hivyo bila kuzunguka kwa sababu wazazi wengi walioko jeshini wana mabinti vyuoni, na wanajua tunasema nini.

Wenye nyumba nao wana upande wao. Wengi wa Biryogo si matajiri. Ni wajane na wastaafu waliojenga vyumba vinne uani kwa akiba ya maisha, na kodi ndiyo pensheni yao. Katikati ya Machi 2020 shule na vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, na tarehe 21 ya mwezi huo nchi nzima ikaamriwa kukaa ndani, wanafunzi walirudi makwao na vyumba vikabaki na makufuli. Vyuo vilianza kufunguliwa tena Oktoba. Kwa miezi hiyo saba mwenye nyumba aliyetegemea wanafunzi alikaa bila kodi, au alipewa ahadi. Wako walioyatunza magodoro ya wapangaji wao bila kudai kitu, na wako walioyauza. Makubaliano mengi hayakuwa na neno lolote juu ya chuo kufungwa, kwa hiyo kila upande ulikuwa na haki yake ya kukasirika. Tangu hapo mtu mwenye busara huuliza jambo hilo mapema: chuo kikifungwa, chumba ni cha nani, na kwa bei gani?

Ndugu msikilizaji, labda wewe ni sajenti uliyeko mbali, kwenye mpaka au katika kikosi cha kulinda amani nchi ya kigeni, na binti yako amepata nafasi Nyarugenge. Huwezi kwenda kukitazama chumba. Mtume mtu akitazame mara mbili, mchana na usiku, maana ua ulio kimya saa nne asubuhi unaweza kuwa jirani wa baa saa nne usiku. Atazame kitasa cha ndani. Aulize choo kina taa au hakina. Asikie majirani wanasemaje juu ya mwenye nyumba, hasa wapangaji waliokwisha kuhama. Karatasi iandikwe nakala mbili, yenye kodi, tarehe ya kulipa, fedha ya dhamana, mita, na taarifa ya muda gani itatolewa kabla ya kuongeza kodi au kuhama. Katika karatasi hiyo usiandike cheo chako. Andika jina lako tu, kama mzazi.

Na siku ya kuhama itakapofika, ufunguo usiachwe dirishani wala kwa jirani. Mwenye nyumba aingie chumbani, atazame kuta na vioo, mita isomwe wote wakiiona, jina liondolewe katika daftari la umudugudu, na ile fedha ya dhamana irudi mkononi kabla ya godoro kupakiwa garini.